Pampu ya bwawa la kuogelea inavuta hewa: anzia kwenye mfuniko

Ndugu, umesema pampu inanguruma, maji chini ya mfuniko angavu yanachemka mapovu na hayajai. Hiyo ni hewa, na inaingia upande wa kuvuta, yaani kuanzia bwawani hadi kwenye pampu. Upande wa kusukuma, baada ya pampu, ukitoboka, pampu ikiwaka utaona maji yakivuja nje.

Hakikisha kwanza maji ya bwawa yanafika katikati ya mdomo wa skima, kile kisanduku cha ukingoni kinachofyonza maji ya juu. Kisha zima umeme kwenye swichi kuu, funga valvu, fungua mfuniko wa pampu, toa kikapu ukioshe. Chomoa oringi (pete ya mpira) ya mfuniko uipitishe vidoleni polepole: ikiwa bapa au ina nyufa, nunua nyingine. Ikiwa nzima, futa mchanga kwenye mfereji wake, paka grisi ya silikoni kidogo tu. Vaselini usiguse, huvimbisha mpira.

Jaza maji chumba cha kikapu, kaza mfuniko kwa mkono, fungua valvu zote pamoja na ile ndogo ya kutolea hewa juu ya chujio, ndipo uwashe. Dakika 5 zikipita maji hayajashika, zima. Sili ya shafti, inayozuia maji yasipite kwenye mhimili wa mota, hupozwa na maji hayo hayo, kwa hiyo pampu ikizunguka kavu sili itaungua.

Bado mapovu? Paka povu la kunyolea kwenye maungio ya bomba la kuvuta, pampu ikiwaka. Penye ufa povu hufyonzwa ndani, linaacha kishimo.

Matone kati ya mota na pampu ni habari nyingine: sili imekwisha. Ibadilishe kabla maji hayajafika kwenye beringi.