Mbwa wa Boma Katika Msitu wa Karura

SWALI: Tunaishi Kasarani na tuna mbwa wawili wanaofungwa mchana na kufunguliwa usiku ili walinde boma. Watoto wetu, wenye umri wa miaka 6, 9 na 13, wanatuomba tuwapeleke mbwa hao kutembea Msitu wa Karura, hapa Nairobi, likizo ya Agosti. Mume wangu anasema tukifika asubuhi na mapema, kabla watu hawajajaa, tunaweza kuwaachilia wakimbie. Mama mkwe wangu, Mwislamu kutoka Lamu, atakuwa amekuja kututembelea na angependa kuuona msitu, lakini hataki kuguswa na mbwa. Je, safari hii inawezekana? – Mama wa Watatu

JIBU: Inawezekana, ila si kwa mpango alionao mume wako. Karura huwapokea mbwa kwa sharti la kufungwa kamba muda wote, na sharti hilo halibadiliki kwa sababu ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi na njia ni tupu. Kwanza, njia haziwi tupu, kwa kuwa huo ndio wakati wa wakimbiaji na waendesha baiskeli. Pili, kamba haikuwekwa kwa ajili ya watu peke yao. Katika msitu huo wa takribani hekta 1,000 wanaishi pongo, funo, kima, mbega, kanu na fungo, na alfajiri ndipo wengi wao wanapokuwa nje wakila. Mbwa aliyezoea kumfukuza paka ukutani hatauliza ruhusa akimwona funo. Naye pongo dume, ambaye watu humdhania mpole kwa sababu ya macho yake, akibanwa hugeuka na kupiga kwa pembe, na mbwa wengi wamepasuliwa tumbo kwa njia hiyo.

Kuna na jambo ambalo wenye mbwa hulisahau, nalo ni magonjwa. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa unaowapata mbwa wa nyumbani, viliwaua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti. Karura haina simba, lakini mbwa asiyechanjwa hapaswi kuingia mahali wanapoishi wanyama wa mwituni. Basi nendeni kwa daktari wa mifugo mapema, angalau mwezi mmoja kabla ya safari, mbwa wapate chanjo ya distempa na ya kichaa cha mbwa kama mwaka umepita tangu ya mwisho, na mwombe pia dawa ya kupe. Mkirudi nyumbani, pekueni masikio ya mbwa, kwapa zake na katikati ya vidole, na watoto nao wakaguliwe vivyo hivyo. Iwapo mtoto ataumwa na mbwa yeyote, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha linaonekana dogo.

Sasa niseme ambalo huenda halitawapendeza watoto. Mbwa anayefungwa mchana na kufunguliwa usiku amefundishwa, kwa makusudi au bila makusudi, kwamba kila mgeni ni adui. Ukimtoa katika hali hiyo moja kwa moja hadi msituni, atakutana na wageni mia moja kwa saa moja. Chagueni mmoja, yule mtulivu zaidi, maana wawili wakiwa pamoja huchocheana, kisha mumtembeze kwa kamba mtaani kila jioni kwa wiki kadhaa. Kama bado anawarukia wapita njia, abaki nyumbani. Kamba ishikwe na mtu mzima. Mtoto wa miaka 13 anaweza kupokezwa kwa muda mbwa akishachoka, lakini wa miaka 6 asikabidhiwe kabisa.

Kutoka Kasarani, lango la Barabara ya Kiambu ndilo litakalowafaa. Chukueni maji ya kutosha pamoja na bakuli la mbwa, kwani maji ya mito inayopita humo hutoka kwenye makazi ya watu huko juu na hayafai kunywewa, hata na mbwa. Chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika misitu tangu Juni 2020, kwa hiyo bebeni za chuma. Kinyesi cha mbwa kizoleni kwa gazeti kuukuu na kukiweka kwenye mfuko wa karatasi, mtoke nacho. Chakula kisitolewe mbele ya kima, ambao hawaogopi mtu akishika ndizi. Maporomoko na mapango waliyojificha wapiganaji wa Mau Mau yanatosha kuwashughulisha watoto nusu siku. Huyo wa miaka 13 mwambieni pia kwamba Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa hadi akajeruhiwa kichwani alipokuwa akipinga kunyakuliwa kwa msitu huo.

Kuhusu mama mkwe wako, usiyachukulie maneno yake kuwa ni woga tu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu huyafuata, kitu kilichoguswa na mate au unyevu wa mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, ndipo mtu aweze kukitumia katika sala. Mbwa mwenye furaha hulamba ovyo, na buibui la mama halitapona. Kama mna gari moja tu, mbwa asiwemo siku hiyo. Nendeni na mama kwanza, na mbwa apelekwe siku nyingine. Kama kuna gari la pili, mbwa apande hilo, na mama atangulie njiani na wajukuu wawili huku mbwa akifuata nyuma mbali kidogo. Lakini kabla ya kupanga lolote, mwulize yeye mwenyewe lipi analipenda, na umwulize wakati mume wako hayupo, kwani akiwa mbele ya mwanawe huenda akasema tu kwamba yote ni sawa.