Haidrofoili kwa upepo mdogo: jibu kwa anayeishi Nairobi

Kaka, umeuliza kama haidrofoili, yaani nguzo yenye mabawa inayofungwa chini ya ubao na kuunyanyua juu ya maji, itakufaa, maana uko Nairobi, ubao wa tanga unaujua kiasi, na kila ukipata likizo upepo ni mdogo. Itakufaa sana. Ila jifunzie Pwani, si Naivasha. Najua Naivasha ni karibu, lakini kuna viboko, na anayejifunza huanguka majini kila mara. Tena ziwa liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo upepo uleule unasukuma tanga kwa nguvu pungufu kuliko Diani.

Kwenye vifaa, angalia kwanza bawa la mbele. Chukua kubwa, sentimita za mraba 1,500 hivi au zaidi, linanyanyua ubao mapema bila kuhitaji mwendo mkali.

Kazi yenyewe iko miguuni. Kwenye ubao wa kawaida umezoea kuegemea nyuma. Hapa, ubao ukianza kupanda tu, kandamiza mguu wa mbele na usimamishe tanga wima. Ukichelewa, bawa linatoka nje ya maji na ubao unaporomoka kwa kishindo. Mwanzoni ridhika na kuruka chini chini.

Halafu uliza saa za maji. Diani yakipwa, nguzo ya haidrofoili inagonga mwamba au kunasa nyasi za bahari, ingia yakijaa. Kofia ngumu na jaketi la kuokolea uvae hata kama upepo umetulia. Na tafadhali, kodisha kwanza pamoja na mwalimu kabla hujanunua.