Barua kwa mwanangu: mjusi wa darini na sikio lake

Bukavu

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kwa nini yule mjusi kafiri wa chumbani kwako huko Lubumbashi anashinda darini kichwa chini bila kushikwa na kizunguzungu, na kama kweli ana masikio. Papa yako amefundisha biolojia Kadutu mpaka kichwa kikajaa mvi, basi vumilia maelezo.

Masikio anayo. Tazama nyuma ya jicho, karibu na mwisho wa taya, utaona kitundu. Ndani yake kuna kiwambo, na nyuma ya kiwambo mfupa mmoja mwembamba, kolumela. Sisi tunayo mitatu. Mfupa huo hupeleka mtikisiko hadi sikio la ndani, ambako ndiko lilipo jibu lako.

Wengi hudhani sikio liliumbwa kwa ajili ya kusikia tu. Kwa mjusi, sehemu kubwa ya sikio la ndani inashughulika na usawa wa mwili. Kila upande una mirija mitatu iliyopinda nusu duara, imejaa majimaji, na kila mmoja umeelekea kwake. Kichwa kikigeuka, majimaji huchelewa kidogo, yakalaza vinyweleo vya seli, na neva zikapeleka habari kwenye ubongo. Kichwa kikitulia, habari za kuzunguka hazipo tena. Chini ya mirija kuna vifuko vyenye chembe za chokaa zilizokaa juu ya vinyweleo vingine. Uzito wa chembe hizo ndio unaoonyesha ardhi iko upande gani. Huko darini zinavutwa kinyume, ubongo unajua kichwa kiko chini, na mjusi anaendelea kusubiri mbu. Kizunguzungu huja habari zinapogombana: ukizunguka kisha ukasimama ghafla, majimaji bado yanakwenda huku macho yanasema umesimama.

Sehemu ya kusikia ni ndogo, tena haijajikunja kama konokono. Yetu ina urefu wa milimita 35 hivi. Ya tokay, mjusi kafiri mkubwa wa Asia, ni kama 2. Mijusi wengi huishia kwenye sauti za mitetemo 5,000 hivi kwa sekunde, sisi tukiwa wadogo tunafika 20,000. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland walionyesha kwamba kimojawapo cha vile vifuko, sakuli, humwezesha tokay kupokea mitetemo mizito, ya 50 hadi 200 kwa sekunde. Kinyonga, ambaye watu wetu wanamwogopa bure, hana hata kitundu cha nje, na bado anasikia sauti nzito kiasi.

Linalonishangaza mimi ni hili: kichwa cha mjusi ni chembamba, sauti hufika masikio yote mawili karibu kwa wakati mmoja. Atajuaje imetoka wapi? Masikio yake yameungana kupitia kinywa, kwa hiyo sauti husukuma kila kiwambo kwa nje na kwa ndani. Tofauti ya misukumo hiyo ndiyo inayomwonyesha upande.

Ukimulika tochi ya simu kwenye sikio moja, mwanga unaweza kuonekana kwenye la pili. Jaribu, lakini usimkamate mkia, utabaki nao mkononi.

Papa yako