Kufua soksi za chujio la tangi la samaki

Kaka wa Mikindani, umeuliza kama soksi ya chujio, ule mfuko unaonasa uchafu wa maji ya tangi, inafuliwa kwa sabuni ya unga. Hapana, hata kidogo. Kitambaa kile kinakunywa sabuni, na ikirudi kwenye tangi inaunguza matamvua ya samaki. Ile dawa ya kulainisha nguo ndiyo mbaya zaidi.

Igeuze ndani nje mara tu unapoitoa, kabla uchafu haujakauka, uipige maji ya mpira kwa nguvu. Kwa soksi ya neti ya nailoni hiyo inatosha. Ya kitambaa kizito huziba ndani kwa ndani: iloweke usiku kucha kwenye ndoo ya maji yenye jiki kidogo (usichanganye na siki, inatoa gesi ya sumu), isuuze sana, kisha iloweke kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini. Anika juani ikauke kabisa. Jua la Mtwara kwa kazi hiyo halina mpinzani. Ikinuka jiki bado, suuza tena.

Badilisha kila siku 3 hadi 7 hata kama maji hayajaanza kufurika juu yake, maana mavi ya samaki yakioza mle nitrati (kemikali inayodhuru samaki ikizidi) inapanda kwenye maji. Nunua za akiba.