Bangi stoo: sheria ya Ujerumani imemruhusu mdogo wangu, dini je?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, shekhe. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mzaliwa wa Tanga, ninaishi Hamburg, Ujerumani. Nyumba niliyopanga ina vyumba viwili na stoo. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye mama aliniusia kabla hajafariki, anaishi nami. Alinunua hema dogo jeusi, akalisimamisha stoo, akatia taa na feni, akapanda miche mitatu ya bangi. Nilipomuuliza akanijibu kuwa sheria ya hapa inamruhusu, kwamba Qur'ani haikutaja bangi, na kwamba huo ni mmea tu kama mimea mingine aliyoiumba Mwenyezi Mungu. Siku nyingine husema ni dawa ya mgongo wake. Nyumba nzima inanuka, hadi mtandio wangu wa kuswalia. Mwanangu ana miaka 7 na kila siku huniuliza mjomba anafuga nini mle ndani. Nimegundua pia kuwa huwauzia rafiki zake kidogo, na sehemu ya pesa hizo ndiyo anayochangia umeme na chakula. Nifafanulie shekhe: kupanda tu bila kuvuta ni dhambi? Swala zangu zinaswihi? Nikiing'oa miche hiyo nitakuwa nimedhulumu mali ya mtu? Na hicho chakula ninachokula? Sitaki kumtupa mdogo wangu, na sitaki kumuasi Mola wangu.

JAWABU

Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na maswahaba zake.

Dada yangu, naanza na swala, maana nahisi ndiyo inayokukosesha usingizi. Swala zako zinaswihi, wala huna hata moja ya kulipa kwa sababu hiyo. Imamu Nawawi, ambaye ni nguzo katika madhehebu yetu ya Kishafi, ameeleza kuwa hashishi, yaani bangi, ni haramu kuitumia lakini dhati yake si najisi kama ulivyo mvinyo, kwa sababu ni kitu kigumu, si kinywaji. Ibn Taymiyya, mwanachuoni mwingine mkubwa wa zamani, yeye aliona ni najisi. Lakini hata ukiifuata kauli yake, harufu iliyopeperuka ikashika nguo haiifanyi nguo hiyo kuwa najisi. Kinachobaki ni adabu. Mtume (s.a.w.) alimkataza aliyekula kitunguu thomu asiukaribie msikiti, na kitunguu thomu ni chakula cha halali; basi harufu ya bangi ina haki zaidi ya kuachwa nje. Ufue mtandio wako, uufungie mbali na stoo, na ukienda msikitini au darsani hakikisha buibui lako halinuki. Usiache kwenda kwa sababu ya aibu ya jambo usilolifanya wewe.

Sasa tuje kwa mdogo wako. Anasema Qur'ani haikutaja bangi. Ni kweli haikuitaja, kama ambavyo haikuitaja heroini wala gongo, na sidhani kama angethubutu kusema hivyo vimehalalishwa. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Maida, aya ya 90, kwamba ulevi, kamari, masanamu na kupiga ramli ni uchafu katika kazi za shetani, tujiepushe navyo. Kisha Mtume (s.a.w.) akafunga mlango wa ubishi pale aliposema: "Kila kinacholevya ni khamri, na kila kinacholevya ni haramu." Ameipokea Muslim kutoka kwa Ibn Umar. Sayyidna Umar alisimama juu ya mimbari akasema kuwa khamri ni kile kinachofunika akili. Na Ummu Salama, mke wa Mtume, amepokea kuwa Mtume alikataza kila kinacholevya na kila kinacholegeza mwili, na hadithi hiyo iko kwa Abu Dawud. Ukimtazama mtu aliyetoka kuvuta bangi, macho yamemlegea, ulimi mzito, anacheka pasipo cha kuchekesha, utaona maelezo yote hayo yamekaa juu yake.

Wanazuoni hawakuikuta bangi kwenye zama za Mtume. Ibn Taymiyya ameeleza kuwa matumizi ya hashishi yalidhihiri katika nchi za Waislamu mwishoni mwa karne ya 6 ya Hijria, wakati wa kutokea kwa Watatari, yaani Wamongolia. Ilipoingia wakaitazama kwa mizani hiyo ya hadithi, wakaiharamisha. Walikhitilafiana kama mvutaji apigwe hadi (adhabu iliyowekwa na dini) ya mlevi au atiwe adabu kwa kiasi anachoona kadhi, na walikhitilafiana kuhusu unajisi wake kama nilivyokwambia. Hitilafu hiyo haikugusa uharamu wa kuitumia kwa ajili ya kulewa. Nakuomba umfahamishe hilo, kwa sababu vijana wengi wakisikia maulamaa wamekhitilafiana hudhani wamekhitilafiana katika kila kitu.

Hoja yake ya kwamba ni mmea tu kama mimea mingine inahitaji kusikilizwa kidogo, maana ndani yake mna kipande cha haki. Mmea wenyewe ni kiumbe cha Mwenyezi Mungu. Watu tangu kale wamesokota kamba na kufuma nguo kwa nyuzi zake. Lau mtu angeniuliza juu ya shamba la mmea huu unaolimwa kwa ajili ya nyuzi, wa aina isiyolevya, nisingemwambia haramu. Kanuni ya fikihi inasema mambo hupimwa kwa makusudio yake, na nyenzo huchukua hukumu ya lengo lake.

Lakini tazama hicho kilichomo stoo kwako. Miche mitatu ndani ya hema haitoi kamba hata ya kuanikia nguo. Anayeotesha bangi ndani ya nyumba huifuata miche ya kike peke yake, akaitenga na ya kiume isipate mbegu, ili ua lijae utomvu, na utomvu huo ndiyo kilevi chenyewe. Mwanzo huimulika kwa saa nyingi, mara nyingi saa 18 kwa siku, na akitaka itoe maua huipunguzia mwanga hadi saa 12. Kazi yote hiyo, taa, feni, chujio la kuzuia harufu isifike kwa majirani, ni ya kutafuta kulewa tu. Na kilevi chenyewe si kile cha zamani: bangi iliyokamatwa na kupimwa Marekani ilikuwa na takriban asilimia 4 ya THC, kemikali yake inayolevya, mwaka 1995, na kufikia mwaka 2014 ilikuwa asilimia 12. Basi nia haihitaji kuulizwa hapa. Imesimama mbele yetu, imemulikwa na taa.

Kwa hiyo jibu la swali lako, kupanda kwa ajili hiyo ni haramu hata kama aliyepanda hajavuta. Mwenyezi Mungu amesema: "Saidianeni katika wema na uchamungu, wala msisaidiane katika dhambi na uadui." Na katika khamri Mtume (s.a.w.) hakumlaani mnywaji peke yake. Aliwalaani watu kumi, wakiwemo anayeikamua, anayetaka akamuliwe, anayeibeba, anayeiuza na anayekula thamani yake. Anayekamua huenda hajaonja hata tone.

Suala hili hasa aliulizwa Sheikh Abdul-Majid Salim, alipokuwa Mufti wa Misri, mwaka 1940: kutumia dawa za kulevya, kuziuza, na kuzilima. Katika kulima alisema ni haramu, akatoa sababu nne. Alitaja hadithi ya anayezizuia zabibu zake wakati wa mavuno ili amuuzie mtengeneza mvinyo. Akasema kulima ni kuisaidia dhambi. Akasema anayelima ameridhia watu waitumie, na kuridhia maasi ni maasi. Na ya nne, akasema mtawala ameshakataza kilimo hicho, na kumtii katika hilo ni wajibu.

Sasa niitazame sheria anayoitegemea mdogo wako. Ni kweli kuwa tangu tarehe 1 Aprili 2024 mtu mzima nchini Ujerumani anaruhusiwa kuotesha nyumbani kwake miche isiyozidi 3 kwa matumizi yake mwenyewe. Nikienda naye hadi mwisho wa hoja yake, sheria hiyo imeondoa sababu moja tu kati ya zile nne, ile ya katazo la mtawala. Tatu zimebaki mahali pake, hazikuguswa na bunge lolote. Nchi hiyo hiyo inaruhusu bia na nguruwe dukani, na mdogo wako, ninavyomdhania kheri, hajawahi kuniambia wala kukuambia kuwa nguruwe amekuwa halali kwa sababu anauzwa kwa leseni. Serikali inaposema haitamfunga mtu, haijasema kuwa Mwenyezi Mungu hatamuuliza.

Tena hata hiyo sheria ameivunja. Imeruhusu matumizi yake mwenyewe, haikuruhusu kumpa mtu mwingine mavuno ya nyumbani, sembuse kumuuzia. Imemtaka pia aihifadhi miche mahali ambapo mtoto hawezi kuifikia. Wewe una mtoto wa miaka 7 anayesimama nje ya mlango wa stoo akisikiliza feni inavyovuma na kuuliza maswali. Hili la mtoto limeniuma kuliko mengine yote uliyoyaandika. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tujiokoe nafsi zetu na ahali zetu na Moto, na mjomba kwa mtoto ni mtu mkubwa. Anachokifanya mjomba mtoto hukiona ni sawa. Mwambie mwanao ukweli kwa kiasi cha umri wake, kwamba mjomba amepanda kitu kibaya kinachodhuru akili na kwamba kitaondoka. Usimdanganye ni maua ya kawaida.

Kuhusu dawa, sifungi mlango. Maradhi ni haki, na dharura huhalalisha kilichokatazwa kwa kiasi cha dharura. Ila dharura ina masharti: daktari mwaminifu aseme hivyo, pasiwepo dawa ya halali inayotosha, na isivuke kipimo. Huko aliko, tangu mwaka 2017 daktari anaweza kumwandikia mgonjwa dawa ya bangi akaipata famasi kwa kipimo kinachojulikana. Kama mgongo kweli unamsumbua, aende akapimwe. Mgonjwa wa mgongo hawauzii rafiki zake dawa yake.

Umeuliza kuhusu kuing'oa. Wewe ndiye mwenye mkataba wa nyumba, wewe ndiye mchunga, na Mtume (s.a.w.) amesema kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Unayo haki kamili ya kumtaka aiondoe, na ni wajibu wako. Utaratibu ninaokuusia ni huu: mwite mkae wawili, mtoto akiwa shule, usimsute mbele ya rafiki zake wala usirikodi sauti ukaituma kwenye kundi la familia. Mkumbushe mama yenu. Mpe siku chache zinazojulikana, na aing'oe kwa mkono wake mwenyewe, maana toba ya mkono wake ina thamani kuliko ghadhabu ya mkono wako. Siku zikipita na amekataa, ing'oe wewe, madhali huchelei akupige au azuke madhara makubwa zaidi. Ukichelea hilo, usishike kitu. Tafuta mtu anayemheshimu, imamu au mzee wa jamaa zenu hapo mjini, aje mzungumze naye pamoja. Miche iliyopandwa kwa ajili ya kulevya haina fidia. Lakini hema, taa, feni na vyungu ni mali yake ya halali. Usivivunje wala kuvitupa, ukivivunja unavilipa.

Na vifaa hivyo vina kazi. Kijana aliyejifunza kupima maji, mwanga na joto ana kipawa, naye anaonekana anapenda kukuza kitu. Mtume (s.a.w.) amesema Muislamu akipanda mti au mmea, akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Kwa baridi ya Hamburg mrehani hauoti nje, lakini chini ya taa zile utaota, na mchicha, na pilipili, na mchaichai. Mwambie akuoteshee hayo. Majirani wa Kiswahili watamshukuru, na akiuza atakuwa ameuza halali.

Katika chakula, hukumu ni nyepesi kuliko unavyodhani. Mali yake imechanganyika, ya mshahara na ya bangi. Wanazuoni wa Kishafi wamesema kuwa kula kwa mtu ambaye mali yake ina halali na haramu inafaa ingawa ina karaha, ila pale unapojua kwa yakini kwamba shilingi hii hasa imetoka kwenye haramu. Basi ya mshahara pokea. Ile unayojua imetoka kwa rafiki zake usiipokee, hata kama ni ya umeme, na mwambie waziwazi kwa nini. Ulichokula kabla hujajua hakina dhambi juu yako.

Kama tayari anavuta, asiache kuswali akisema swala yake haipokelewi. Hadithi ya kutokubaliwa swala siku arubaini kwa mnywaji wanazuoni wameifasiri kuwa anakosa thawabu, ila faradhi haimwondokei. Asiswali akiwa hajui anachokisema, kama ilivyo katika Suratun Nisaa aya ya 43. Akizindukana aswali, na alipe iliyompita. Na kama anaona kuacha kunamshinda, Ujerumani kuna ofisi za ushauri wa uraibu zinazohudumia watu bure na kwa siri. Kwenda huko si kudhalilika, nami naona ni katika kutafuta dawa tuliyoamrishwa tuitafute. Usimfukuze nyumbani madhali anasikiliza na anajaribu.

Yale maua aliyokwisha kuyakausha yasigawiwe wala kuuzwa ati arudishe gharama zake. Yaharibiwe kabisa, yalowekwe na kuchanganywa na taka za jikoni ili asije mwingine akayaokota kwenye pipa. Wallahu aalam.