Lee-Enfield ya 1917 iliyokatwa mbao: irudishwe au iachwe?

Mkuu, umesema umerithi Lee-Enfield Mark III* ya 1917, bunduki ya kijeshi ya Uingereza, ambayo zamani iligeuzwa ya uwindaji: mbao ya mbele imekatwa, kofia ya chuma ya kushikia singe haipo, kitako kimepakwa vanishi. Unauliza kama inafaa kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Kwangu mimi chuma ndicho kinachoamua. Mbao hupatikana, chuma kilichotobolewa hakirudi.

Kwanza hakikisha haina risasi, kwenye magazini na kwenye chemba. Kisha kagua kile chuma kikuu kinachobeba komeo (chuma unachosogeza kwa mkono kuingiza risasi na kufunga chemba), juu yake na ubavu wa kushoto. Ukikuta matundu yenye hesi ya kufungia darubini, achana na wazo la kuirudisha. Wapo wanaoyaziba kwa kulehemu, lakini chuma kile kilikomazwa kwa joto maalumu, na moto wa kulehemu unaharibu ukomavu huo mahali penye kubeba nguvu ya mlipuko. Mimi shavu langu siliweki hapo.

Halafu pima mtutu. Funga komeo, ingiza fimbo ya kusafishia mpaka iguse uso wa komeo, weka alama mdomoni, toa upime. Wa kiwandani ni milimita 640. Ukiwa mfupi, umekatwa, na mbao mpya haitakaa inavyopaswa.

Tazama pia namba. Zilipigwa kwenye chuma kikuu, mtutu, mkono wa komeo, kilengeo cha nyuma na ile kofia ya mbele. Namba ya komeo ikitofautiana, fundi wa bunduki apime kwa geji nafasi iliyopo kati ya uso wa komeo na risasi ikiwa kwenye chemba, kabla hujapiga hata risasi moja.

Ninazo mbili za aina hii. Ya kwanza mtutu ulikuwa mzima, chuma hakina tundu, ni mbao tu iliyoguswa. Hiyo niliirudisha na sijutii. Kazi yenyewe iko nyuma kabisa ya mbao ya mbele, kwenye sehemu mbili ndogo, kulia na kushoto, zinazogusana na chuma na kupokea kishindo. Zikilegea hata kidogo, mbao inapasuka. Kiwanda cha Lithgow, Australia, kilifikia kuweka vibati vya shaba hapo kwa sababu mbao zao zilikuwa laini. Mimi nilipaka masizi kwenye chuma, nikaibana mbao, nikaitoa na kukwangua pale tu palipoachwa alama nyeusi, nikarudia mpaka pande zote mbili zikagusa sawasawa. Hapo hakuna haraka.

Na tafadhali, usifungue bolti ndefu iliyo ndani ya kitako kabla hujatoa mbao ya mbele. Ncha yake ya mraba imeshikwa na kibati kilicho ndani ya mbao hiyo. Ukiizungusha, mbao inapasuka palepale. Msasa nao weka mbali, unafuta mihuri ya wakaguzi. Vanishi itoe kwa dawa ya kuondolea rangi, kisha mafuta ya kitani, tabaka jembamba jembamba.

Ya pili niliiacha. Ni .303/25, yaani kasha la .303, risasi ya kijeshi ya bunduki hizi, lililobanwa shingo lipokee risasi ndogo. Hizo zilienea jimbo la New South Wales, Australia, kwa sababu sheria ziliwabana raia kumiliki bunduki za risasi za kijeshi. Kuirudisha ingekuwa kufuta historia halisi ili kuweka ya kuiga. Vivyo hivyo zile zilizogeuzwa na kuuzwa na Parker-Hale wa Uingereza: ni bidhaa kamili zenye wapenzi wake, ziacheni.

Jambo linaloniuma ni watu kuivunja bunduki nzima ili wapate vipuri vya kuponya iliyokatwa. Tafuta vipuri vilivyokwisha kuwa huru. Na ukiirudisha, andika karatasi inayotaja kila kilichobadilishwa, ikae na bunduki, asije mtu akauziwa kama ya asili. Kibali chako nacho kiwe sawa kabla fundi hajaigusa.

Ukishapima, weka vipimo hapa pamoja na picha ya ubavu wa kulia, chini ya mkono wa komeo, palipopigwa taji, jina la kiwanda na mwaka. Kwa picha hiyo tutajua utafute mbao ya kiwanda gani.