Methani inaanza juu kisha inashuka: chemba za gesi kwenye tope la mikoko

Swali: Kikundi chetu kinapanda mikoko mahali palipokatwa boriti, upande wa Manda, hapa Lamu. Tunapima gesi joto zinazotoka topeni kwa chemba za bomba la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 25. Tunavuta sampuli kwa sirinji mara tu tunapofunika, halafu kila baada ya dakika 10 hadi nusu saa, na chupa zinakwenda maabara. Kaboni dioksaidi inapanda vizuri, lakini methani kwenye chemba kadhaa inasoma 14 ppm (sehemu 14 kwa kila milioni ya hewa), kisha 11, 10, 9. Je, tope linafyonza methani, au tunakosea? Na ppm tunazigeuzaje kuwa kiasi kwa mita ya mraba?

Jibu: Tope halifyonzi methani namna hiyo. Hewa ya kawaida ina methani ya takriban 1.9 ppm, udongo unaofyonza kweli ungeanzia hapo na kushuka chini yake. Chemba inayoanza na 14 ilikwisha kupokea kiputo kabla hamjavuta sampuli ya kwanza, na mara nyingi anayekitoa ni mpimaji mwenyewe kwa uzito wa mguu wake. Tope la mikoko limejaa viputo vidogo vilivyonaswa katikati ya mizizi. Mtu akikanyaga kando ya chemba, tope linaminywa na gesi inachomoka mahali pepesi, yaani ndani ya chemba yenu.

Wekeni ubao juu ya vigingi, vigingi vipigwe siku kadhaa kabla ya kupima, na kazi yote ifanyike mtu akiwa juu ya ubao. Pete ya chini, yaani kipande cha bomba kinachokaa topeni na kufunikwa wakati wa kupima, nayo izamishwe sentimita 5 hadi 10 angalau siku moja kabla, kwa kukata mzingo wake kwanza kwa kisu chembamba, kwa sababu pete inayosukumwa kwa nguvu huminya tope na kuvunja mizizi. Iachwe hapo msimu mzima. Itobolewe matundu usawa wa tope ili maji ya kupwa yatoke, na yazibwe kwa vizibo vya mpira wakati wa kupima tu.

Sasa kule kushuka kutoka 14 hadi 9. Kuna sababu mbili, na huenda zote zipo. Bila feni, kiputo hukaa karibu na mdomo wa sirinji kisha hutawanyika polepole. Feni ndogo ya kompyuta yenye betri inatosha kuchanganya hewa. La pili ni kuvuja, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa chemba inayovuja hupunguza kaboni dioksaidi pia huku mstari wake ukiendelea kuonekana mzuri. Pakeni povu la sabuni kwenye maungio, kisha mpulize kidogo kupitia mrija. Mkimaliza, tazameni mashimo ya kaa: shimo linalopita chini ya ukuta wa pete ni mlango wazi maji yakipwa. Hamisheni pete hiyo. Shimo lililo ndani kabisa ya pete liacheni, mlihesabu na kuliandika, maana nalo ni sehemu ya tope. Vivyo hivyo mizizi ya kupumulia ya mchu, aina mojawapo ya mikoko: msiikate, kwani hupitisha gesi na ikikatwa hubaki bomba wazi. Tumieni chemba ndefu zaidi.

Kifuniko kiwe na mrija mwembamba wa kusawazisha shinikizo, la sivyo kila mvuto wa sirinji utafyonza gesi kutoka topeni. Kifunikeni kwa karatasi inayong'aa ili jua lisichemshe hewa ya ndani. Chupa ya mililita 12 iliyoondolewa hewa ijazwe mililita 20, ili maabara ikikuta shinikizo limepotea ijue imevuja njiani. Chukueni pia sampuli ya hewa ya nje kila mara. Methani ya mwanzo ikizidi ile ya nje waziwazi, fungueni, msubiri nusu saa, mrudie. Lakini methani ikiruka ghafla katikati ya kipimo na hakuna aliyekanyaga, hicho ni kiputo halali. Kiandikeni kando, msikifute.

Hesabu ni hii. Zidisha mwinuko wa ppm kwa dakika na kimo cha hewa ndani ya chemba kwa mita, kisha na moli za hewa (moli ni kipimo cha wingi wa chembe za gesi) katika mita moja ya ujazo, ambazo kwa nyuzi 30 usawa wa bahari ni 40.2. Kaboni dioksaidi ikipanda 8 ppm kwa dakika katika kimo cha mita 0.25, unapata takriban mikromoli 80 kwa mita ya mraba kwa dakika, sawa na miligramu 212 kwa saa. Kimo kipimwe sehemu nne au tano ndani ya pete, kwa kuwa tope si sawasawa: kosa la sentimita 2 kwenye 25 ni kosa la asilimia 8.

Msishangae methani ikiwa ndogo. Salfeti ya maji ya bahari huwapa bakteria wengine nguvu ya kuwashinda wanaotengeneza methani. Mwongozo wa IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, wa mwaka 2013 kuhusu ardhi oevu huihesabu kuwa sifuri kwenye mikoko yenye chumvi zaidi ya gramu 18 kwa kilo. Pimeni chumvi kila mara, hasa masika, na mlinganishe vituo katika saa ileile baada ya maji kuanza kupwa, siku za bamvua na za maji mafu.

Jambo moja linaweza kuwapotosha. Chemba itasoma kaboni dioksaidi nyingi chini ya mikoko hai kuliko palipokatwa, kwa sababu mizizi hai inapumua. Hiyo haina maana kwamba msitu unapoteza kaboni. Kujua kama tope la palipokatwa linaoza na kudidimia, chomekeni fimbo ya chuma mpaka kwenye tabaka gumu, na kila miezi mitatu mpime urefu unaobaki juu ya tope, pande nne za fimbo.